Rubato: muda unaibwa kwa nani, na ni lazima urudishwe?

NeemaWaNota (Moshi)

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni walimu wote mlio humu.

Ninajifunza Nocturne (kipande cha piano chenye utulivu wa usiku) ya Chopin, mtunzi wa Kipoland, ile Op. 9 Na. 2 ambayo karibu kila anayegusa piano huitamani. Nota nimeshazishika na mikono yote miwili inakwenda. Karibu na mwisho, toleo nililonalo limeandikwa maneno mawili ya Kiitaliano: *poco rubato*. Poco najua ni "kidogo". Hilo la pili ndilo linalonitesa.

Nimewauliza watu wawili wanaonizidi kwa muziki. Wa kwanza alisema nipige kwa hisia, mapigo nisiyajali. Nikafanya hivyo. Wa pili akanisikiliza, akaniambia wimbo umevunjika, msikilizaji hajui ashike wapi. Sasa nimebaki katikati.

Naomba kuelewa neno lenyewe lina maana gani na limetoka wapi. Na kwa vitendo, mikono yangu ifanye nini? Nikichelewa hapa, ni lazima nikimbie pale ili kufidia? Mkono wa kushoto nao uchelewe pamoja na wa kulia? Nitashukuru kwa jibu lolote, hata refu.

TenaWaPili (Dodoma)

Neema, jina lake kamili ni *tempo rubato*, yaani muda ulioibwa. Kwenye kwaya yetu tukilikuta tunaambiwa tumtazame mwongozaji: hapo ana ruhusa ya kuvuta au kukimbiza, na sisi sote tunamfuata. Kwenye piano nadhani mwongozaji ni wewe mwenyewe. Ukivuta hapa, kimbiza pale, hesabu ilingane mwishoni. Wakubwa watanisahihisha.

BiKinanda (Mombasa)

Marahaba Neema, mwanangu. Swali hili nimeishi nalo miaka mingi nikifundisha watoto piano, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

TenaWaPili ameeleza neno sawasawa. *Rubare* ni kuiba, *rubato* ni kilichoibwa. Kitenzi hicho Waitaliano walikipata kutoka lugha za kale za Kijerumani. Ni ndugu wa *rauben* ya Wajerumani wa leo na *rob* ya Waingereza. Ila alipofika kwenye "hesabu ilingane" amepita mbio mahali penye utamu wote. Kwenye wizi wowote kuna mwizi na kuna aliyeibiwa. Hapa ni nani na nani?

Neno hili lilikulia kooni mwa waimbaji, wakati piano bado ni chombo kigeni kwa watu wengi. Mwaka 1723, mjini Bologna, mwimbaji mzee aitwaye Pier Francesco Tosi alichapisha kitabu cha kufundishia uimbaji. Humo analalamika sana kuhusu vijana wa siku zake, kisha anafika kwenye suala la kuiba muda. Anasema kwamba katika nyimbo za huzuni, kuiba muda ni wizi wa heshima kwa anayeimba vizuri kuliko wenzake, mradi arudishe kwa ustadi alichokichukua. Kitabu kilipotafsiriwa London mwaka 1742, mfasiri wake, Galliard, ambaye naye alikuwa mwanamuziki, aliongeza maelezo yanayofaa kubandikwa juu ya kila piano: besi inakwenda kwa hatua zilezile, sauti ya juu inachelewa au inatangulia kwa ajili ya hisia, kisha inarudi kwenye mstari na kuongozwa tena na besi.

Soma tena hapo, Neema. Besi haikuibiwa kitu. Mwimbaji anaikalia nota moja kupita haki yake, na inayofuata inapata kilichobaki. Wizi wote unafanyika ndani ya nyumba yake mwenyewe, wakati wapiga vyombo walio nyuma yake wanaendelea na mwendo kama kwamba hawakuona.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye Mozart analisema jambo hilohilo kwa piano. Oktoba 1777, akiwa Augsburg, kijana wa miaka 21, anamwandikia baba yake kwamba watu wanamstaajabia kwa kushika muda sawasawa. Wanachoshindwa kuelewa, anasema, ni kwamba katika tempo rubato ya wimbo wa polepole mkono wa kushoto haujui lolote kuhusu jambo hilo. Kwao wao mkono wa kushoto hufuata. Barua hiyo huwasomea wanafunzi wangu wote, maana ugonjwa alioueleza Mozart ndio ugonjwa wa kila siku chumbani kwangu: mkono wa kulia ukisita, wa kushoto nao unasimama kuusubiri.

Sasa Chopin. Alizaliwa 1810, akafika Paris 1831, na hapo ndipo alipofundisha karibu maisha yake yote yaliyobaki, hadi alipofariki 1849. Ukisikia watu wengine wakimpiga leo utadhani alikuwa mtu asiyependa kuhesabu. Mwanafunzi wake Karol Mikuli ameacha ushahidi kwamba metronomu, kile chombo kinachogonga mapigo, haikuondoka juu ya piano ya mwalimu wake. Na Wilhelm von Lenz, aliyesoma kwake pia, anakumbuka akiambiwa kwamba mkono wa kushoto ndio kiongozi wa okestra: usilegee, usiyumbe, na mkono wa kulia ufanye utakacho na unachoweza.

TenaWaPili alisema mwongozaji ni Neema mwenyewe. Chopin angejibu kwamba mwongozaji ni mkono wake wa kushoto. Wa kulia ndiye mwimbaji.

Na uimbaji huo hakuusema kwa kupamba maneno. Aliwahimiza wanafunzi waende opera kuwasikiliza waimbaji wakubwa wa Italia waliokuwa wakiimba Paris, watu kama Rubini na Pasta, kisha warudi wajaribu kupiga vile walivyosikia. Kwa hiyo njia kutoka kitabu cha Tosi hadi kwenye ukurasa ulio mbele yako haikukatika: sanaa ya koo ilihamia vidoleni.

Kuna ushahidi mwingine uko kwenye karatasi yako mwenyewe, na kwangu huo ndio unaonishawishi kuliko yote. Pekua kurasa zote. Utakuta mahali Chopin ameagiza upunguze mwendo, kisha ameandika *a tempo*, rudi kwenye mwendo wako. Utakuta *stretto*, yaani bana, harakisha. Ukifika kwenye zile nota ndogo ndogo zinazozunguka kabla ya mwisho, utakuta *senza tempo*, bila mwendo. Mtu huyu alikuwa na neno la kupunguza, la kuharakisha, na la kuachia mapigo kabisa. Kama rubato ingekuwa na maana ya mojawapo ya hayo, angeliandikia nini?

Jambo la mwisho kuhusu neno hilo: alilitumia kwa miaka michache tu. Unalikuta kwenye mazurka zake za mwanzo (vipande vya piano vyenye mwendo wa ngoma ya kwao Poland) na nocturne za ujana, mojawapo, Op. 15 Na. 3, ikianza na *languido e rubato*, yaani kwa ulegevu na kwa rubato. Baada ya 1836 hivi aliliacha. Liszt, mpiga piano na mtunzi aliyemfahamu vizuri, anaeleza katika kitabu alichoandika kuhusu Chopin na kukitoa mwaka 1852 kwamba neno hilo halikumfundisha kitu asiyeelewa, kwa hiyo Chopin aliona hakuna haja ya kuendelea kuliandika. Mwenye kuelewa angeiona kanuni hiyo ya ukosefu wa utaratibu bila kuambiwa. Napenda sana Liszt kuiita kanuni.

FidlaYaTanga

Bi Kinanda, umenifurahisha hadi nimeacha kazi niandike. Mimi sijui Chopin. Napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu na huu wizi nakutana nao kila tunapopanda jukwaani.

Mwimbaji wetu, mama mmoja mwenye sauti nzito, akifika kwenye neno analolipenda halitamki pigo linapolia. Analiacha dumbak (ngoma yetu) lipite, rika (tari) ipite, ndipo anapolitua neno, na watu wanainuka kumtunza. Siku za mwanzo mimi nilikuwa nikimsikia amechelewa, nami upinde wangu nauchelewesha nikidhani ninamsaidia. Mpiga udi wetu aliniita pembeni akaniambia, "Wewe kaa palepale. Ukimfuata, unamnyang'anya kitu cha kuchelewea." Maneno hayo nimeyashika hadi leo.

Je, ndiyo hiyo rubato, au nimechanganya mambo?

BiKinanda (Mombasa)

Hujachanganya hata kidogo, kaka. Historia ni mbili na hazikutoka mlango mmoja, lakini mpiga udi wenu amesema kwa sentensi moja alichokisema Galliard. Besi ikiyumba, kuchelewa hakuna maana tena, maana hakuna aliyetangulia.

Mzee_wa_Kipimo (Nairobi)

Heshima kwako Bi Kinanda, ila naona umefunga mlango ambao wapiga piano wenyewe hawakuufunga.

Kwanza, waliomsikia Chopin kwa masikio yao hawakubaliani. Berlioz, mtunzi mkubwa aliyeishi Paris wakati huohuo, aliandika wazi kwamba Chopin hakuvumilia hatamu ya mapigo na kwamba uhuru wake wa mwendo ulipita kiasi. Charles Hallé, mpiga piano, anasimulia kwamba mazurka zake, ambazo zimeandikwa kwa mapigo matatu, zilipopigwa na Chopin mwenyewe zilisikika kama zina manne. Hallé akahesabu kwa sauti huku Chopin akipiga, na Chopin akacheka akasema hiyo ndiyo asili ya ngoma ya kwao Poland. Na ni Lenz huyohuyo uliyemtaja anayesimulia ugomvi wa Meyerbeer, mtunzi wa opera. Meyerbeer aliingia wakati wa somo, akasikia mazurka moja ya Op. 33, akasema hayo ni mapigo mawili. Chopin, ambaye kwa kawaida sauti yake haikusikika chumba cha pili, alipandwa na hasira, akaketi akapiga mwenyewe huku akihesabu kwa nguvu na kugonga mguu. Meyerbeer hakubadili neno.

Pili, maana za maneno hukua. Kufikia mwisho wa karne ya 19, rubato kwa wapiga piano wengi ilikuwa mikono yote miwili kupanda na kushuka pamoja. Paderewski, Mpoland aliyekuwa mpiga piano mashuhuri kuliko wote wa zama zake kabla hajawa waziri mkuu wa nchi yake mwaka 1919, aliandika makala kuhusu rubato na akaikataa kabisa hoja ya kurudisha kilichoibwa. Alisema anatambua maadili mema ya nadharia hiyo, lakini maadili yake yeye hayajafikia kimo hicho. Kilichopotea kimepotea, ndivyo alivyoona.

Kwa hiyo ukimwambia binti huyu kwamba mkono wa kushoto ni lazima ushike muda wa metronomu, unamfundisha karne ya 18. Leo majaji na wasikilizaji wanategemea jambo jingine.

BiKinanda (Mombasa)

Mzee wangu, umeleta hoja za kweli na nazipokea. Maana ya pili ipo, imeenea, na ukimkuta Rachmaninoff, mtunzi wa Kirusi wa baadaye, au wimbo wa kwaya wa leo umeandikwa rubato, yaelekea ndiyo iliyokusudiwa. Hapo TenaWaPili yuko sahihi kabisa kumtazama mwongozaji.

Lakini hebu tazama hizo habari za mazurka kwa upande mwingine. Hallé na Meyerbeer hawakusikia mtu aliyepoteza mapigo. Walisikia mapigo mengine, yaliyokaa imara kiasi kwamba yangeweza kuhesabiwa: manne kwa mmoja, mawili kwa mwingine. Chopin alilirefusha pigo moja kwa namna ileile, kila mara, kwa sababu ngoma za vijijini kwao zinachezwa hivyo. Aliyelegea hawezi kuhesabiwa manne. Ndiyo maana alikasirika: aliambiwa amekosea hesabu na mtu ambaye hakuijua ngoma.

Berlioz simpingi. Alisikia alichosikia, na aliishi kwa okestra, ambako wapigaji wengi hawawezi kuiba pamoja.

Ninachokikataa ni kumwanzishia mwanafunzi kwa Paderewski. Yeye alikuwa na mapigo mwilini tangu utoto, akaweza kuamua kutolipa. Neema ameambiwa asijali mapigo kabla mkono wake wa kushoto haujajifunza kusimama peke yake, na matokeo yake ameyasema mwenyewe: msikilizaji hana pa kushika. Mwambieni kwanza alipe madeni yote. Akishazoea kulipa, ataamua mwenyewe lipi lisamehewe.

Liszt aliwaonyesha wanafunzi wake miti iliyo nje ya dirisha: upepo unacheza na majani, yanatikisika, na mti uko palepale, hiyo, akasema, ndiyo rubato ya Chopin. Nikikuta mtu anautikisa mti mzima naumia, siwezi kuficha.

NeemaWaNota (Moshi)

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mzee wa Kipimo nakushukuru pia, nimejua kwa nini watu wawili waliniambia mambo mawili.

Bi Kinanda, naomba unisaidie kwa vitendo. Nikijaribu kushika mkono wa kushoto imara, wa kulia nao unakuwa mgumu kama mashine. Nikilegeza wa kulia, wa kushoto unafuata. Nianzie wapi?

BiKinanda (Mombasa)

Hapo ndipo kila mtu hukwama, na dawa yake ni kuacha kuuomba mkono wa kulia ufanye kazi ambayo bado hujaimba.

Funga kitabu cha mkono wa kulia. Piga mkono wa kushoto peke yake, nota moja ya chini kisha makundi mawili ya nota za juu yake zinazopigwa pamoja, besi-juu-juu, besi-juu-juu, hadi uweze kufanya hivyo huku unazungumza na mama yako jikoni. Nasema kweli, zungumza. Kama mazungumzo yanausimamisha mkono, bado. Tumia metronomu kama unayo. Mjerumani aitwaye Mälzel aliisajili Paris mwaka 1815, na Chopin hakuona aibu kuiweka juu ya piano, wala wewe usione.

Kisha *imba* ule wimbo wa juu kwa mdomo wako huku mkono wa kushoto unaendelea. Sauti yako iwe mbaya, haidhuru. Koo lina pumzi, na pumzi ndiyo itakayokuonyesha pa kuchelewa. Utagundua kwamba kwenye ule mruko wa mwanzo kabisa, kutoka nota ya chini kwenda ya juu, huwezi kufika juu kwa wakati uleule ambao kidole kingefika. Sauti inachukua safari kidogo. Kuchelewa huko kudogo ndiko rubato yako ya kwanza. Usiiongeze, iache ilivyo.

Baada ya siku kadhaa za kuimba ndipo uuhamishe kwenye vidole. Chagua nota moja tu katika kila sentensi ya wimbo, ile unayoipenda, uikalie, na zinazofuata uzibane kidogo ili ukutane na besi inayofuata bila ugomvi. Nota nyingine zote zikae kwa adabu. Mtu anayeiba kila mahali hasikiki ameiba.

Kuhusu mapambo: wimbo unarudi mara kadhaa na kila ukirudi umevalishwa zaidi, na kuna mahali vikundi vya nota ndogo havigawanyiki sawa juu ya mapigo ya mkono wa kushoto. Usipige hesabu. Anza kundi kwa utulivu, ongeza mwendo kidogo kidogo, na uwe na miadi moja tu: besi inayofuata. Kati ya hapo na hapo uko huru. Mapambo hayo Chopin mwenyewe aliyaona kama jambo lililo hai; kwenye nakala za baadhi ya wanafunzi wake aliandika kwa mkono mapambo mengine kabisa kwa Nocturne hiyohiyo.

Ukifika penye *senza tempo*, hapo tu mkono wa kushoto unapumzika na metronomu haina kazi. Usiichanganye sehemu hiyo na nyingine.

Ukitaka kusikia, tafuta Raoul Koczalski. Alikuwa mwanafunzi wa Mikuli, na Mikuli wa Chopin, na aliirekodi Nocturne hii akiwa na baadhi ya yale mapambo ya ziada. Sauti ni ya zamani, ina mikwaruzo. Sikiliza mara ya kwanza mkono wa kushoto peke yake, kama vile wimbo wa juu haupo. Mara ya pili ndipo umsikilize mwimbaji.

Na *poco*, Neema. Ameandika kidogo. Ukijirekodi, ibandike hapa. Mimi nitaanza kwa kusikiliza besi, na Mzee wa Kipimo ataniambia kama nimekuwa mkali.

Mzee_wa_Kipimo (Nairobi)

Nitasema, Bi Kinanda. Ila hilo la kuzungumza na mama jikoni huku mkono unaenda nalichukua kesho kwa wanafunzi wangu.